Majina 131, Picha 132

Kozi yetu ya TEHAMA ina mada inayoitwa faida na hasara za kompyuta katika ufundishaji. Tunaiandikia noti, tunapeana madesa, tunaijibu kwenye UE, na wiki moja baada ya mtihani hakuna anayekumbuka faida ya nne ilikuwa ipi. Sina ugomvi na mhadhiri, anafundisha alichopewa. Ila mwalimu akitoka hapa akapangiwa Katavi, kompyuta ya kwanza atakayokutana nayo haitakuwa darasani. Itakuwa kwenye ofisi ya taaluma, pembeni ya maboksi ya chaki, na kazi yake itakuwa kuingiza picha za watoto mia na kitu kwenye mfumo kabla ya Ijumaa. Kazi hiyo hatujafundishwa hata dakika moja.

Kwa hiyo naandika kudai kitu kidogo ambacho najua kitawachekesha wengine: walimu wanafunzi tufundishwe kupakia mafaili ya picha kwenye kanzidata kwa kuandika amri. Namaanisha ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ambayo kwenye muvi anaitumia mwizi wa benki. Masomo yangu mimi ni Kiswahili na Historia, na sina mpango wa kuwa mtu wa kompyuta. Lakini kuna kitu nilikiona Mpanda wakati wa TP, na tangu hapo sikubali mtu akiniambia hii ni kazi ya watu wa IT.

Shule yenyewe ni sekondari ya kata, haina haja ya kutajwa. Walitaka picha za kidato cha pili, kwanza kwa vitambulisho vya shule, na pia ziwepo zikihitajika kwenye usajili wa mitihani. Wanafunzi 131. Kitambaa cha bluu kikatundikwa ukutani nyuma ya stoo, madam mmoja akashika daftari la mahudhurio akawa anaita majina kwa mpangilio, wasichana kwanza halafu wavulana, na mwalimu mwingine akawa anapiga picha kwa simu yake. Kabla ya kengele ya mchana wakawa wamemaliza. Picha zikatumwa WhatsApp kwenye steshenari moja mjini pamoja na orodha ya majina kwenye Excel. Kijana wa pale akapewa maelekezo mepesi: picha ya kwanza ni ya jina la kwanza, ya pili ni ya jina la pili, endelea hivyo hivyo mpaka mwisho.

Kijana alifanya alichoambiwa. Alipofika chini akakuta majina 131 na picha 132. Akafanya ambacho mtu yeyote mwenye foleni ya wateja angefanya: akafuta picha ya mwisho. Hesabu ikakaa.

Kumbe msichana wa 19 alipiga chafya kitambaa cha bluu kikiwa nyuma yake, ikabidi apigwe tena. Chafya moja tu. Kuanzia hapo kila mtoto akapewa sura ya aliyemtangulia. Wa 20 akawa na sura ya wa 19, wa 21 akawa na sura ya wa 20, ikateremka hivyo orodha nzima. Ya mvulana wa mwisho ndiyo iliyofutwa, kwa hiyo yeye sura yake haikuwepo popote. Na isingegundulika mapema kama si mvulana wa kwanza, jina la wa 65, ambaye alirithi picha ya msichana wa mwisho. Kitambulisho chake kilirudi kutoka mjini kikiwa na msichana amevaa hijabu. Ofisi ya walimu ilicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini. Halafu mwalimu wa taaluma akakipindua kitambulisho kilichofuata, na kingine, na kicheko kikaisha.

Nataka tukae hapo kwanza, kwa sababu ukisimulia kisa hiki watu wanakimbilia kumlaumu kijana wa steshenari. Mimi simlaumu. Hawajui wale watoto. Hata angekuwa na digrii tatu za kompyuta asingejua msichana wa 20 anafananaje. Alipewa mafaili yenye majina kama IMG-20240715-WA0031, na jina la namna hiyo linakwambia picha ilipita WhatsApp tarehe 15 mwezi wa saba na kwamba simu iliipa namba 31 siku hiyo. Kuhusu mtoto halisemi kitu. Kilichokuwa kinamfunga mtoto na sura yake ni foleni tu, na foleni ikivurugika hakuna tena ushahidi wa nani alikuwa nani.

Mwenye ushahidi ni mwalimu. Mwalimu wa darasa alipozimwaga zile picha mezani alizitambua karibu zote, akawa anazigawa kama anagawa karata. Alikwama kwa wawili. Mkoa wa Katavi una Wasukuma na Wanyamwezi wengi, na kwao mapacha hawatafutiwi majina: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto. Wa darasa hilo ni wasichana, nywele zimenyolewa sawa, shati sawa, tai sawa. Mwalimu aliziangalia zile picha mbili mpaka akaniuliza mimi, niliyekuwa na wiki tatu tu shuleni. Ikabidi waitwe wenyewe. Na wao, jamani, walibishana.

Hadi hapa ni kichekesho. Lakini kuna familia ambazo huwezi kuzisimulia habari ya jina la mtu kukaa chini ya sura ya mwingine ukategemea zicheke. Nje ya mji wa Mpanda kuna Katumba, na mbali zaidi kuna Mishamo. Ni makazi yaliyopokea watu waliokimbia Burundi kufuatia mauaji ya 1972. Wengi wao wameishi Tanzania miongo minne wakiwa wakimbizi, wakihesabiwa kwenye orodha moja baada ya nyingine, mpaka serikali ilipoamua kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Wajukuu wa watu hao wako kwenye madarasa tunayokwenda kufundisha. Babu wa mtoto kama huyo anajua karatasi ina thamani gani kuliko mhadhiri yeyote wa chuo hiki. Ukimrudishia mjukuu wake kitambulisho chenye sura ya mwingine, hutamwambia eti ni chafya.

Sasa nije kwenye ile skrini nyeusi.

Mwenzangu wa TP, anayesoma Hisabati na TEHAMA, aliomba picha zipigwe upya Jumatatu, kwa utaratibu mwingine. Kila mtoto aandike namba yake ya PREM kwenye kipande cha karatasi, aishike kifuani, apigwe nayo. Wanafunzi walicheka kwamba wanapigwa kama mahabusu. Lakini namba ile mtoto ameipata akiwa shule ya msingi, amehama nayo, na haifanani na ya mtu mwingine, hata awe pacha wake. Picha ikishakatwa kuwa ya pasipoti, karatasi inabaki nje ya fremu, na faili linapewa jina la namba iliyosomwa pale pale kwenye picha. Kwa utaratibu huo foleni haina kazi tena. Mtoto akipiga chafya mara kumi, picha zake zote kumi zina namba yake.

Kubadilisha majina ya mafaili ilichukua jioni mbili, na ndiyo kazi nzima. Kupakia kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Alitumia programu inaitwa SQLite, na mistari yenyewe ni hii:

CREATE TABLE picha (jina TEXT PRIMARY KEY, faili BLOB);

INSERT INTO picha SELECT name, data FROM fsdir('kidato2') WHERE data IS NOT NULL;

Msitishike na herufi kubwa. Mstari wa kwanza unatengeneza jedwali lenye safu mbili, moja ya jina la faili na nyingine ya picha yenyewe, na unaweka sharti kwamba jina lisijirudie. Wa pili unaiambia kompyuta: ingia kwenye folda ya kidato2, chukua kila faili lililomo, andika jina lake na uweke picha yake pembeni. Basi. Picha zote zimeingia. Ile orodha ya Excel nayo ikahifadhiwa kama CSV na kuingizwa kwenye jedwali la pili kwa amri moja, namba ya PREM na jina la mtoto.

Halafu ikaja sehemu iliyonifanya niandike makala hii. Baada ya kuondoa jina la folda na ile .jpg, unaweza kuiuliza kanzidata maswali mawili: ni mtoto gani hana picha, na ni picha gani haina mtoto. Mara ya kwanza ilitoa watoto wanne wasio na picha na picha mbili zisizo na mwenyewe. Wawili kati ya wale wanne walikuwa hawakuja shule ile Jumatatu. Wengine wawili tarakimu moja ilikosewa wakati wa kuandika jina la faili, ndiyo maana zikawepo picha mbili yatima. Dakika kumi, zimerekebishwa. Yule kijana wa mjini alikuwa na picha moja yatima vilevile, ila hakuwa na mahali pa kuuliza ni ya nani. Alikuwa na kitufe cha kufuta tu.

Watu wanadhani amri za kuandika zina maana kwa sababu ya haraka. Ni kweli zina haraka. Lakini kwa mwalimu faida kubwa ni kwamba zinakulazimisha useme jina kabla ya kupakia. Ukibofya, mfumo unakuuliza faili liko wapi, unachagua kwenye vijipicha vidogo kama kucha, unasonga mbele, na ukifanya hivyo mara 131 umejipa nafasi 131 za kuchagua sura isiyo yake. Ukiandika amri, uamuzi wote umeshafanyika kwenye majina ya mafaili, mahali ambapo mtu wa pili anaweza kuukagua. Na amri yenyewe inabaki. Mwaka kesho mwalimu mwingine ataisoma karatasi na kujua ulifanya nini. Mibofyo ya mwaka jana nani anaikumbuka?

Wenzetu wa wanyamapori walishalijua hili zamani. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125 katika hifadhi ya Serengeti kuanzia 2010, mnyama akipita kamera inajipiga. Mpaka 2013 walikuwa na mafungu ya picha milioni 1.2, na watu zaidi ya 28,000 wa kujitolea kutoka duniani kote wakasaidia kutambua wanyama kwenye intaneti. Mafungu 322,653 tu ndiyo yalikuwa na mnyama, mengine ni majani yanayochezeshwa na upepo. Sasa tazama jina la faili moja: S1_B05_R1_PICT0001. Msimu wa kwanza, kituo B05, awamu ya kwanza ya kamera, picha ya kwanza. Bila kufungua picha unajua imetoka wapi, na kanzidata inaweza kukupa fisi wote wa kituo hicho bila mtu kupekua kitu.

Hapo kwetu barabara ya kusini kutoka Mpanda inakupeleka Sitalike, kwenye lango la hifadhi ya Katavi, zile kilomita za mraba 4,471 za viboko na nyati. Sioni wivu kwa viboko. Lakini ni haki fisi wa Serengeti awe na faili linalojua kapigwa wapi na lini, halafu mtoto wa kidato cha pili awe WA0031?

Turudi kwenye mambo ya mwalimu wa kawaida, maana najua swali linalokuja: seva utaipata wapi Mpanda? Huihitaji. SQLite ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani, D. Richard Hipp, aliyekuwa kwenye kazi ya programu za meli ya kivita, akataka kanzidata isiyotegemea seva wala msimamizi wa kukaa nayo. Kanzidata nzima ni faili moja. Unaliweka kwenye flashi. Ni ya bure, na kama una simu ya Android tayari unayo mfukoni, kwa sababu ndiyo inayotunza namba za watu wako. Intaneti haitakiwi kabisa wakati wa kupakia, na aliyewahi kukaa steshenari akisubiri kiduara kinazunguka anajua hilo lina uzito gani.

Na umeme. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, na hakuna mwalimu wa huko asiyekuwa na hadithi ya kazi iliyopotea taa zilipozima. Kwenye mstari ule wa pili, umeme ukikatika katikati ya kupakia, ukiwasha tena unakuta ama picha zote zimeingia ama hakuna hata moja iliyoingia. Huwezi kukuta 74 zimo, 57 hazimo, na hujui ni zipi. Amri moja inahesabiwa kuwa tendo moja. Mwenzangu aliponieleza hilo sikuamini, akachomoa betri ya laptopu makusudi amri ikiwa inakimbia kwenye folda kubwa ya majaribio. Ilikuwa ya zamani, zile za betri ya kuchomoa. Alipowasha, jedwali lilikuwa tupu. Akairudia amri, zikaingia zote.

Kuna mitego, nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Picha ikiwa kubwa sana haifai kuiweka ndani ya kanzidata. Waliotengeneza SQLite wenyewe wanasema chini ya kilobaiti 100 hivi iweke ndani, juu ya hapo ni afadhali faili likae nje na kanzidata itunze anwani yake tu. Picha ya pasipoti iliyopunguzwa ni kilobaiti 40 au 50, haina shida. Ukitumia kanzidata nyingine, MySQL, mtego upo kwenye aina ya safu: ile inayoitwa BLOB bila kingine inabeba baiti 65,535 tu. Ikiwa imepangwa kuwa kali inakataa picha kubwa na kukwambia. Ikiwa imepangwa kuwa laini inaikata na kutoa onyo tu, na unapata mtoto ana paji la uso na macho, kuanzia puani kwenda chini ni kijivu. Dawa ni kuchagua MEDIUMBLOB. Neno moja. Lakini kama hukuambiwa utalitafuta wiki nzima ukidhani kamera ni mbovu.

Mtego mkubwa zaidi ni wa usalama. Simu ikiwa imewashwa mahali ulipo, kila picha inaandikwa ndani yake latitudo na longitudo ya pale ilipopigwa. Picha ya kawaida ikipita WhatsApp taarifa hizo huondolewa, hapo nampa WhatsApp haki yake. Ukihamisha kwa waya kwenda kwenye flashi, kama tulivyofanya sisi, zinabaki. Za shuleni zitaonyesha shule, sawa. Lakini wale waliokosa Jumatatu mmoja wao alipigwa na mzazi nyumbani kwao. Kwa hiyo kwenye faili moja kulikuwa na sura ya msichana wa miaka 15, namba yake, na nyumba anayolala. Kuna programu ya bure, ExifTool, inafuta hayo yote kwa folda nzima:

exiftool -overwrite_original -gps:all= kidato2

Ilipita kabla ya kupakia. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za watoto inazihesabu kuwa nyeti. Tumeisoma kozini? Mimi sijaikuta kwenye noti yoyote. Na wakati huohuo nenda steshenari yoyote karibu na shule, omba kukaa kwenye kompyuta yao, angalia kilichojaa pale mbele. Utakuta folda za darasa zima la mwaka juzi, sura na majina, kila anayekuja kuprinti barua ya kazi anaziona. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Shule ilipeleka kazi nje kwa sababu ndani hakukuwa na anayeiweza, na kazi ilipoisha hakuna aliyesema futa.

Na hata kanzidata yetu ile, faili moja kwenye flashi, ni hatari ikidondoka kwenye bodaboda. Sibishi. Ndiyo maana flashi ilifungiwa kwenye kabati la mkuu wa shule, na nakala kwenye laptopu ya TP ikafutwa mbele ya mwalimu wa taaluma. Tofauti ni kwamba sasa nakala zinahesabika.

Nimeshasikia majibu ya wenzangu hosteli. Wa kwanza anasema hii ni kazi ya afisa TEHAMA. Kaka, afisa TEHAMA gani? Halmashauri inaye, na ana shule zote za wilaya, nyingine ziko mwambao wa Ziwa Tanganyika huko Karema. Shuleni kazi inaangukia kwa mwalimu kijana, na mwalimu kijana ni wewe. Wa pili anasema amri ni Kiingereza, zinatisha. Maneno yenyewe ni machache. Sisi ndio tuliokariri hatua za Piaget na umri wake bila kuruka hata moja, tusidanganyane.

Wa tatu ndiye mwenye hoja. Anasema kuna shule haina kompyuta kabisa, hata hiyo moja, sasa unafundisha amri za nini? Namkubalia nusu. Kupakia utahitaji mashine. Ila lile la kumpa mtoto namba ashike kifuani halihitaji umeme, na kuandika kwenye daftari kwamba picha ni 132 na majina ni 131 na kusimama hapo mpaka ijulikane kwa nini, hilo nalo halihitaji umeme. Mtu aliyewahi kupakia kwa amri hata mara moja ameshajifunza kwamba hesabu isipolingana haifutwi. Hilo atalibeba hata akienda shule ya taa za koroboi.

Ninachodai ni wiki mbili za ile kozi. Wiki ya kwanza tuje maabara na picha zetu wenyewe, siyo za watoto wa watu, darasa zima, tuzipe majina kwa namba zetu za usajili na kuzipakia. Wiki ya pili mhadhiri aingize makosa kwa makusudi, picha moja irudiwe, namba moja ikosewe, faili moja liwe na mahali ilipopigwa, na sisi tuyatafute. Kwenye UE swali liwe la vitendo. Hizo wiki mbili zitoke kwenye faida na hasara. Ile faida ya nne haitamkosesha mtu usingizi.

Karatasi yenye zile amri mwenzangu aliiandika kwa mkono, kila mstari na maelezo yake kwa Kiswahili, ikabandikwa ndani ya mlango wa kabati la ofisi ya taaluma. Kidato cha kwanza wataripoti Januari, nao watahitaji vitambulisho. Mwalimu wa taaluma alinipigia wiki iliyopita akitaka kujua kama vijana watakaoletwa TP mwakani wataweza kuisoma ile karatasi. Swali lake nimelipeleka kwa CR wetu, na kikao cha idara cha kupitia kozi ni mwezi huu.